Ufunguo wa Choo cha Ploti

Siku ile uani tulikuwa watu saba. Mama Shiru, mwenye ploti ile ya nyumba za kupanga tulimoishi, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mfereji. Shiru, binti yake, alikuwa amesimama nyuma yake akitafuna mua. Chebet, jirani yetu wa nyumba ya nne, alikuwa akianika nepi za mtoto wake. Tata Nyokabi, dada yake baba yetu, alikuwa amefika asubuhi kutoka Ndabibi na gunia la viazi, na hata sweta hakuwa amevua. Kimani, ndugu yangu wa mwisho, alikuwa na miaka minane na ameshika gurudumu la baiskeli lisilo na spoku. Njeri, anayenifuata mimi, alikuwa na miaka kumi na mitatu na amesimama mbele ya watu wote hawa akijishika tumbo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na mwiko ulikuwa mkononi mwangu.

Ninawataja wote kwa sababu Njeri aliniambia nisimsahau hata mmoja, na ana haki ya kuniambia hivyo.

Wiki iliyopita Shiru alikuja kwangu na mfuko wa karatasi. Mama yake amezikwa juzi juzi, na katika kutoa vitu nyumbani kwake wamekuta kisanduku cha funguo za ploti. Ndani ya mfuko mlikuwa na ufunguo mmoja wa kufuli, umefungwa kwa waya kwenye nusu ya mwiko. Mti wenyewe umekuwa mweusi kwa mikono ya watu. Niliunusa kabla ya kufikiri. Ulikuwa bado na harufu ya jivu na ile dawa ya choo inayowasha pua, na mara moja nikawa na miaka kumi na sita tena, na hasira yangu yote ikarudi kama maji ya moto yanayopanda sufuriani.

Ule mwiko ulikuwa wetu kabla ya kuwa wa choo. Mama yangu aliutumia kukoroga githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja. Ulipopasuka ncha, Mama Shiru aliuomba, kwa sababu wapangaji walikuwa wakisahau ufunguo mifukoni na kwenda nao kazini. Mwiko hauingii mfukoni. Tangu hapo hakuna mtu katika ploti ile aliyesema anataka kwenda chooni. Ulikuwa unauliza, "Mwiko uko wapi?" na jibu lilikuwa moja siku zote: uko kwa Mama Shiru, kando ya kigoda. Ilikuwa lazima upite mbele yake, uombe, naye akutazame.

Mama alianza na tumbo. Hilo ndilo jambo la kuelewa kwanza. Baba alikuwa ametangulia zamani, tukabaki na Mama na sufuria yake kubwa, akipika githeri alfajiri na kuwauzia watu wa mjengo, vibarua wa ujenzi, mchana. Siku moja akasema tumbo. Akaendelea kusema tumbo mwaka mzima, huku anapika, mpaka ikafika siku nikambeba mimi peke yangu kumpeleka kwenye gari, kwa sababu alikuwa mwepesi kama kikapu. Ilikuwa saratani. Kabla hajafa alinishika kifundo cha mkono akasema, "Wasitawanyike." Hakusema zaidi ya hapo. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikachukua sufuria. Watu wa mjengo wakaanza kuniita Mama Githeri, msichana ambaye hata kifua kilikuwa hakijajaa. "Mama Githeri, ongeza mchuzi!" Nami naongeza.

Miezi saba baada ya kumzika Mama, Njeri akasema tumbo.

Sijui nieleze vipi nilivyosikia. Niliuza kitanda cha Mama siku hiyo hiyo. Tukaenda kliniki moja ya mjini, akapimwa damu, akapimwa choo, akalazwa chini ya ile mashine ya picha, mimi nimesimama koridoni nikisema na Mungu maneno ambayo siyarudii. Mtu aliyekuwa na majibu alitoka na karatasi, akaiangalia kama mtu anayesoma risiti, akasema, "Huyu hana kitu. Mpe dawa ya minyoo." Hakumuuliza anakula nini. Hakumuuliza inauma saa ngapi. Alisema hana kitu, akaita mwingine.

Nililia kwa furaha barabarani. Nilimnunulia Njeri mandazi mawili na chai ya maziwa, nikamwambia, "Umesikia? Huna kitu!" Alikunywa ile chai akinitazama kwa macho ya mtu anayetaka kuamini. Kabla hatujafika nyumbani alinishika mkono kwa nguvu, akakimbilia nyuma ya kibanda cha makaa.

Wiki mbili baadaye alisema tumbo tena, na mimi nikasikia kitu kikifungwa ndani yangu. Kwa akili yangu ya wakati ule hesabu ilikuwa rahisi. Mashine imesema hana kitu. Mashine haina sababu ya kudanganya. Basi anayedanganya ni Njeri. Na uongo wenyewe ameuchukua kwa Mama. Ameona jinsi tulivyomhudumia Mama, naye anataka kuhudumiwa. Aliniuzisha kitanda cha marehemu kwa uongo.

Nikaanza kumchunguza, na kila nilichokiona kilithibitisha. Jumatatu asubuhi tumbo linauma. Siku ya mtihani linauma. Shule ikifungwa linatulia siku tatu, nne, anacheza kamba na Shiru kama mtu mwenye afya kamili. Jioni linavimba kama amemeza mpira, asubuhi limelala. Juma hili anakimbia choo mara sita kwa siku, juma lijalo anakaa siku nne bila kwenda hata mara moja na bado analia. Nilikuwa nikijiuliza kwa kejeli, huku nakoroga sufuria: ni ugonjwa gani huu unaojua kalenda?

Na nilikuwa namlisha. Hapa ndipo hasira yangu hukosa mahali pa kusimama. Nilikuwa nampakulia Njeri sahani kubwa kuliko ya Kimani na yangu, githeri ya maharagwe mengi, kwa sababu maharagwe ndiyo yenye nguvu na yeye ndiye tuliyetarajia asome. Kitunguu nilikaanga kingi ili ile githeri ya kila siku iwe na ladha. Chebet naye, ambaye kwao walikuwa wakimletea maziwa, alitupa kikombe kila jioni. "Mpe Njeri," alikuwa akisema. "Maziwa ni dawa. Tumbo itatulia." Mimi na Kimani tulikunywa chai ya rangi ili Njeri apate maziwa. Nilimsimamia mpaka aone chini ya kikombe.

Uani Mama Shiru alianza kuhesabu. Choo cha ploti ni cha shimo, na shimo likijaa mwenye ploti ndiye anayeita gari la kunyonya, kwa hiyo alituhesabu wote, lakini Njeri alimhesabu kwa sauti. "Wee Njeri, tena? Unaenda kuzaa huko?" Wapangaji wanacheka. Siku nyingine alishika mwiko mgongoni akamwacha mtoto amesimama amebana miguu, amwambie kwanza jana alikwenda mara ngapi. Shiru, aliyekuwa darasa moja na Njeri, akaipeleka habari shuleni. Wakamwita Caretaker, yaani mwangalizi wa ploti. Ukisikia mtoto anaitwa Caretaker katika darasa la nane unaweza kudhani ni sifa. Akinyoosha mkono kuomba ruhusa, darasa zima linasema, "Caretaker anaenda kuangalia ploti."

Shuleni nambari ya simu ya mzazi ilikuwa ya Tata Nyokabi, kwa sababu mimi sikuwa na kitambulisho. Ndivyo Tata alivyopigiwa, na ndivyo alivyokuja na gunia la viazi Jumamosi ile.

Aliongea akiwa amesimama. "Nimepigiwa simu nikiwa kwa shamba. Mwalimu anasema huyu mtoto hukaa choo kuliko darasani. Ni hivyo ama si hivyo?"

"Mimi siongei," alisema Mama Shiru. "Lakini leo peke yake, na saa sita haijafika, mwiko umetoka mara tano. Mimi nahesabu tu."

"Hata shule tunamwita Caretaker," akasema Shiru, akatema makapi ya mua.

Chebet alisema, "Woi, labda ni mgonjwa," akiwa na kibanio cha nguo mdomoni.

"Mgonjwa wa nini?" Tata akanigeukia. "Si ulimpeleka akapimwa? Walipata nini?"

"Hakuna," nikasema. Ni mimi niliyesema. Hakuna mtu aliyeniwekea neno hilo mdomoni.

"Basi. Jumatatu anaenda na mimi Ndabibi. Kuna mama pale barabarani anatafuta msichana wa kazi. Na huyu Kimani atafutiwe mahali pia. Wewe mwenyewe ni mtoto. Kutawala watu si kupika githeri."

Wasitawanyike. Nilisikia vidole vya Mama kwenye kifundo changu, ninaapa. Wakati huo huo Njeri akatoka nyumbani kwetu, amejikunja kidogo, jasho juu ya mdomo, akapita katikati yetu kama hakusikia lolote, na labda kweli hakusikia. Akasema, "Mama Shiru, naomba mwiko."

Mwiko ulikuwa chini kando ya kigoda. Mimi ndiye niliyeinama nikauokota. Njeri alidhani nampa. Alinyoosha mkono.

Nilimpiga kwenye ule mkono.

Kisha nikampiga mgongoni, kisha miguuni, na ufunguo ulikuwa ukilia kwenye waya kila nilipoinua. Nilikuwa nikisema maneno. "Umesikia hakuna! Ulipimwa! Utaacha uongo!" Nilikuwa nampiga Njeri lakini namtazama Tata, nione kama inatosha. Sikumbuki ni pigo la ngapi mwiko ulipovunjika. Nusu yenye kijiko ikarukia karibu na mfereji, nusu yenye ufunguo ikabaki mkononi mwangu. Njeri hakuwa amekimbia. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa choo uliofungwa kwa kufuli, na ndipo mwili wake ukashindwa kungoja, mbele ya watu wote, mchana.

Kimani aliachia gurudumu. Lilizunguka likaanguka polepole. Chebet aligeukia kamba yake ya nguo. Shiru alicheka, halafu akaacha. Mama Shiru alisema tu, "Na mtaosha hapo." Kimani ndiye aliyekwenda kuchota maji kwa kopo, akarudi akimwaga nusu, akaanza kumwosha dada yake miguu bila kuambiwa na mtu.

Tata Nyokabi akavua sweta. "Sasa naona uko na mkono," aliniambia. "Wacha wakae."

Akanywa chai, akaenda zake. Mnaona kilichotokea? Nilishinda. Hakuna mtu aliyetawanyika. Jioni ile nilijiona mwanamke. Hilo nalisema kwa sababu wengi hupenda kusimulia makosa yao wakisema walijuta papo hapo. Mimi sikujuta. Nililala vizuri. Kesho yake nikaweka sheria: mwiko mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na Mama Shiru akaniunga mkono kwa moyo wote.

Mtihani wa darasa la nane ulikuwa umebakisha wiki tatu. Nilianza kuona kuku wa Mama Shiru wananenepa. Nikavizia, nikamkuta Njeri nyuma ya nyumba akiwamwagia githeri yake. Githeri ya kuuza! Nilimshika sikio. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeniambia siri ya mtu mwingine, "Githeri ndiyo inanimaliza."

"Githeri ndiyo inakulisha," nikamwambia.

"Nikikula viazi za Tata siumwi sana. Nimeangalia. Na maziwa ya Chebet pia, Wambui. Nikiacha inapungua."

Mtoto wa miaka kumi na mitatu alikuwa amegundua peke yake, bila mashine, kile ambacho mtu wa kliniki hakuwa na dakika mbili za kukiuliza. Aliniambia waziwazi, kwa Kiswahili, nikiwa na masikio mawili. Nami nikasikia mtoto anayedharau chakula cha yatima mwenzake. Nikamwambia akitaka viazi achemshe mwenyewe, na nisione ameomba kingine.

Alichemsha mwenyewe. Wiki tatu alikula viazi kwa chumvi, na chai ya rangi. Asubuhi ya mtihani hakutia kitu kinywani kabisa. Alikata leso ya Mama, akakunja kipande, akakishona ndani ya suruali yake ya ndani, kwa sababu aliogopa wasimamizi hawatamruhusu kutoka. Kile kipande nilikiona kwenye kamba baadaye na nikamgombeza kwa kuharibu leso. Siku zote tatu hakutoka darasani hata mara moja. Akapita, si kama mwalimu alivyotarajia, lakini akapata nafasi katika shule ya kutwa ya karibu.

Na mimi nikatangaza kwamba mwiko umemponya. Nilisema uani, nilisema kanisani, niliwashauri kina mama wakubwa kuliko mimi. "Yangu ilikuwa na mambo ya tumbo, nikainyoosha siku moja tu." Wakatikisa vichwa. Ilionekana kweli, maana Njeri hakusema tena tumbo. Sekondari chakula cha mchana kilikuwa maharagwe siku nne kwa wiki, naye hakusema. Alikuwa amejifunza. Hakusema miaka kumi na zaidi.

Ukweli niliujua kupitia daftari. Njeri sasa anaishi mtaa wa Section 58, anauza mbegu na dawa za mimea katika duka moja mjini, na wakulima wanampenda kwa sababu husikiliza mmea unaumwa wapi kabla hajauza kitu. Nilikuwa kwake Jumapili moja, nikaona daftari la shule jikoni, nikadhani ni hesabu za duka. Lilikuwa na safu tatu: alichokula, saa, na tumbo lilifanya nini. "Mchele, karoti, yai. Sawa." "Kabeji kidogo. Saa tatu baadaye, gesi, maumivu." "Maharagwe vijiko viwili, kujaribu. Usiku mbaya." "Chakula kile kile cha jana, lakini bosi alinifokea. Mbaya." Kurasa na kurasa, kwa ule mwandiko wake mzuri ambao mimi ndiye niliyeuharibia nafasi yake shuleni.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni mimi," akasema.

Akaniketisha, akanieleza. Alikuwa ameenda kwa daktari mmoja mwanamke. Aliposikia Mama alikufa kwa nini, daktari yule alimpima upya kila kitu, kisha badala ya kusema hana kitu akasema, "Una maumivu, na yana jina." Wanayaita IBS. Utumbo hauna kidonda wala uvimbe, ndiyo maana vipimo hutoka safi, lakini unahisi kupita kiasi, unakaza na kulegea bila mpango. Vyakula fulani huuamsha, kwa mmoja hivi na kwa mwingine vile. Kwake ni maharagwe, maziwa, kitunguu kingi, kabeji. Na hofu huuamsha. Aibu huuamsha. Kufokewa huuamsha. Ugonjwa wenyewe hauui, na hauponi ukaisha. Unaishi nao kwa adabu, kama unavyoishi na jirani mkali.

Ugonjwa gani unaojua kalenda? Huu hasa. Unajua Jumatatu, unajua mtihani, unajua sauti ya Mama Shiru. Nilikuwa nimeshika jibu mkononi mwaka mzima na nikalitumia kama fimbo.

Sasa Njeri anakula kidogo kidogo kwa saa zake. Ugali, mchele, viazi, samaki, mboga anazozijua. Anatembea kwa miguu jioni kutoka dukani. Kanisani anakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Akialikwa mahali, swali lake la kwanza ni, "Choo iko wapi?" na huliuliza kwa sauti, bila kuinama. Ziko siku amefuata kila kitu na bado linamwamkia, naye anapiga simu dukani anasema, "Leo tumbo limekataa," na mwenye duka ameshazoea. Kwake choo kiko ndani. Kitu cha kwanza alichofanya alipohamia ni kung'oa komeo la mlango wa choo.

Watu huniambia nipunguze hasira, mambo ni ya zamani. Siipunguzi. Nina hasira na yule wa kliniki na karatasi yake. Nina hasira na mwalimu aliyehesabu mara ambazo mtoto ametoka na hakumfuata hata mara moja kumuuliza. Nina hasira na wanawake wazima watatu waliokuwa uani wakamwachia msichana wa miaka kumi na sita mwiko, kisha wakamsifu. Hata Mama, Mungu anisamehe, nina hasira naye kwa lile neno moja, kwa sababu alinipa mzigo bila kunipa mpini. Lakini hasira hizo zote zikishazunguka hurudi nyumbani kulala, na nyumbani ni mimi.

Siku ile ya daftari nilipiga magoti jikoni kwa Njeri. Akanishika bega akaniinua kwa fujo.

"Ulinichapa jikoni?" akauliza.

"Hapana."

"Basi usinililie jikoni. Mimi msamaha wako sina haja nao, tulishalea Kimani pamoja, yaliisha. Lakini wale watu walisikia ukisema 'hakuna.' Waendee mmoja mmoja wasikie ukisema kulikuwa. Wote watano. Waambie sikuwa nadanganya."

Nilianza na Kimani, kwa kuwa ni wa nyumbani. Ana mke sasa. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mimi nilijua. Nilimwosha. Mtu hadanganyi vile." Miaka minane, na alijua. Kisha Chebet, ambaye bado yuko mtaa ule ule wa Free Area. Yeye alijifunika uso kwa kitambaa. "Na mimi nilimpa maziwa," alikuwa akirudia. "Kila jioni, woi, mimi ndio nilimpa maziwa."

Mama Shiru nilimwahirisha. Nilipita mbele ya lango lake nikielekea sokoni, nikamwona kwenye kigoda, amezeeka, nikasema wiki ijayo. Nilisema hivyo mara nyingi. Alikufa akiamini kwamba mpangaji wake mdogo alikuwa mwongo. Yule sitamfikia tena.

Krismasi iliyopita tulikutana wote kwa Tata Nyokabi, Ndabibi. Uwanja ulijaa wajukuu na wageni wa kanisa lake. Tata alisimama kutambulisha watu, akafika kwetu. "Hawa ni wa ndugu yangu. Huyu mkubwa aliwalea peke yake. Na hakuwa na mchezo! Huyu Njeri alikuwa na uvivu wa kujificha choo. Alimchapa na mwiko mpaka ikavunjika, nikiona na haya macho. Na leo muangalieni, ni mtu!" Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Fimbo ni mwalimu." Njeri alikuwa ameketi mbele yangu na sahani ya wali mtupu na nyama, akinitazama tu.

Nilisimama. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nimeyabeba njia nzima. Tata akacheka, akanisukumia sahani mikononi. "Kaa chini, Mama Githeri, ukule. Leo si siku ya kuhutubu." Nami, niliyebeba mama yangu mgongoni, niliyesimama mbele ya watu wa mjengo miaka na miaka, nikakaa. Nikala. Ilikuwa githeri.

Shiru alipoleta ule mfuko wiki iliyopita, sikumwacha hata aketi. Nilimwambia pale pale mlangoni: Njeri alikuwa mgonjwa, hakuwa anadanganya, mimi ndiye niliyesema uongo. "Lile jina la Caretaker," akasema, "mimi ndiye nililianzisha. Nilitaka watu wacheke." Kisha akauliza nambari ya Njeri, nikampa.

Jioni nilimpigia Njeri nikamwambia ufunguo uko kwangu mezani, na nusu ya mwiko. Nikasikia maji yakichemka upande wake.

"Shiru umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Mama Shiru ndio basi tena."

"Ndio basi."

"Na Tata? Bado yuko?"

"Yuko. Jana alinipigia, ati wanavuna maharagwe, nikachukue gunia."

Njeri akacheka, kicheko chake cha kukata.

"Basi bado unadaiwa, Mama Githeri," akasema, akakata simu aende kula kabla saa yake haijapita.